Bendera ya tatu niichomeke wapi? Jibu kwa msomaji wa Newala

Barua yenyewe ilikuwa ndefu. Nimeifupisha bila kuibadili:

"Shikamoo mzee. Babu yangu mzaa mama alikuwa Keya [askari wa KAR, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki]. Alipigana Bama [Burma, leo Myanmar, vita ya pili ya dunia], akarudi, akafariki 1983. Mdogo wake walioondoka pamoja hakurudi, wala hatujui alikozikwa. Mjomba wangu naye alikwenda Uganda 1979, tumemzika miaka sita iliyopita jirani na babu. Nimeona picha za Marekani, makaburi ya askari kila moja na bendera yake, nikaona sisi tumewatupa watu wetu. Nimenunua bendera tatu za Taifa nizichomeke tarehe 25 Julai [Siku ya Mashujaa], ingawa ya tatu hata sijui niichomeke wapi. Imamu amekataa. Mjomba mkubwa hajakataa ila kila nikimfuata ananiambia subiri. Je, sheria inanizuia? Na kama si bendera, niweke alama gani isiyoliwa na mchwa?"

Marahaba, mwanangu. Tuanze na mjomba wako mkubwa, maana nadhani umemwelewa vibaya.

Wewe ni wa Newala, hivyo unajua kuwa ukoo wa Kimakonde unafuata upande wa mama. Sasa piga hesabu. Babu mzaa mama si wa ukoo wa mama yako. Ni wa ukoo wa mama yake yeye. Wenye neno juu ya kaburi lake ni wapwa zake, yaani watoto wa dada zake, na watoto wa dada zao. Mjomba wako mkubwa ni mtoto wa marehemu, na kwa mila mtoto haamui peke yake juu ya kaburi la baba. Anakwambia subiri kwa sababu kuna watu hujawaendea, naye pengine anaona haya kukutuma kwao. Nenda. Beba sukari. Kaburi la mjomba aliyekwenda Uganda ni habari nyingine kabisa: hapo mpwa ni wewe, na neno lako lina uzito kuliko unavyodhani. Hao wapwa wa babu utawahitaji kwa jambo jingine pia, nitalifikia.

Picha ulizoziona, kwa maelezo yako, ni za makaburi ya Arlington, jirani na Washington. Kila mwaka kabla ya siku yao ya kuwakumbuka waliokufa vitani, Jumatatu ya mwisho ya Mei, kikosi cha askari wa miguu wanachokiita The Old Guard hupita na mabegi yamejaa vibendera. Askari husogeza kiatu mpaka kwenye jiwe la kaburi, kisha huchomeka kibendera umbali wa kiatu kimoja ili vyote vikae mstari mmoja. Wanafanya hivyo tangu 1948, na makaburi yanazidi 260,000. Lakini kuna picha ambayo hukuiona. Siku zile zikishapita, askari wale wale hurudi kuving'oa vyote. Kibendera hakiachwi pale kipigwe na mvua mpaka kiwe tambara. Kinachobaki mwaka mzima ni jiwe lenye jina, na jiwe hilo serikali yao humpa askari aliyestahili bila malipo, hata kama amezikwa kwenye makaburi ya kawaida ya mji wake.

Kwa hiyo wenzetu hawakuanza na bendera. Walianza na jina, na bendera ni mgeni wa siku chache anayekuja kulisalimu. Wewe umeanza na mgeni kabla ya kujenga nyumba. Ukichomeka bendera leo kwenye tuta lisilo na jina, mjukuu wako atakuta kijiti.

Kabla ya kufika kwa imamu nikueleze kitu ambacho vitabu vya majeshi havitakwambia. Kusini huku, kitambaa juu ya kaburi hakikosi maana. Kitambaa cheupe, chekundu au cheusi kilichofungwa kwenye mti au kijiti mahali pa kale ni lugha: hapa pana mzimu, au hapa amelala mtu wa karama, watu huja kuomba. Miaka yangu ya kazi ya mambo ya kale niliwahi kupima makaburi ya zamani katika kijiji kimoja cha pwani, nikafunga vitambaa vyeupe kwenye vijiti ili kesho yake nisipotee. Kazi ikakatishwa, nikarudi baada ya miezi minne. Kila kijiti changu kilikuwa na sarafu chini yake, vingine na mayai, na kimoja kilikuwa kimeongezewa kitambaa chekundu. Mzee mmoja alinieleza kwa utulivu kuwa yule wa kijiti cha tatu anasaidia sana mambo ya uzazi. Nilikuwa nimetengeneza mizimu saba kwa futi kamba na shuka la kitanda.

Nimekisimulia kisa hiki ili umwelewe imamu. Huenda hana ugomvi na Taifa hata kidogo. Anachokiogopa ni kaburi lenye kitambaa kugeuka mahali pa kuombea, na kwa mazingira yetu hofu hiyo ina msingi. Tena anategemea hadithi aliyoipokea mwanachuoni Muslim kutoka kwa sahaba Jabir, inayokataza kaburi kupakwa chokaa, kukaliwa na kujengewa. Katika mapokezi ya Tirmidhi limeongezwa katazo la kuandika juu yake, na hapo ndipo wanazuoni walipotofautiana. Ndiyo maana pwani yote utakuta msikiti huu unaruhusu kibao cha jina na ule wa pili hauruhusu.

Usiende kwake kubishana. Nenda ukamuulize juu ya kaburi la sahaba Uthman bin Madh'un. Abu Dawud amepokea kuwa alipozikwa, Mtume, rehema na amani zimshukie, alibeba jiwe mwenyewe akaliweka kichwani, akasema ni alama ya kulijua kaburi la ndugu yake, ili na watu wake wengine awazike hapo. Alama ya kutambua, basi. Ukimwendea imamu na neno alama badala ya neno bendera, utashangaa mazungumzo yatakavyokuwa mepesi. Sisi wenyewe tumeweka mawe au vijiti viwili, kichwani na miguuni, tangu enzi. Wapo wazee wa pwani wanaoviita mashahidi. Mwombe shahidi mmoja wa kichwani awe na maandishi, mafupi, yaliyolala chini karibu na udongo. Akikataa maandishi, weka jiwe tupu kaburini na jina uliandike kwenye kibao cha ukuta au cha mlangoni mwa makaburi, nje ya tuta. Nimeona likifanyika, na hakuna aliyegombana. (Ndugu zetu wa Masasi na Ndanda wanaozika kwa msalaba hawana tabu hii. Wao tabu yao ni saruji mbovu.)

Sasa mchwa. Mbao nyingi za sokoni, hata zikipakwa oili chafu, kwenye mchanga wetu huliwa kwa mvua chache. Mti wa kuaminika ni mpingo, na sisi wa Lindi na Mtwara tunao. Ule moyo mweusi ni mgumu mpaka gogo lake huzama majini, na mchwa huuacha. Lakini angalia mambo mawili. Ile sehemu nyeupe ya pembeni huliwa kama muhogo, kwa hiyo mchongaji aiondoe yote. Na mpingo mbichi ukipigwa jua hupasuka, hivyo tafuta uliokaa kivulini muda mrefu. Nunua kwa mchongaji mwenye karatasi zake. Mpingo huvunwa kwa kibali cha misitu na sitaki ulale polisi kwa ajili ya kibao cha babu. Kama makaburi yenu yamo katikati ya mikorosho, ambako kila mwaka watu hufyeka na kuchoma majani kabla ya kuokota korosho, achana na mti wa aina yoyote. Moto hauulizi huyu alikuwa nani.

Mimi ningetengeneza jiwe la saruji. Fremu ya mbao ya sentimita 60 kwa 35, unene sentimita 8, ndoo moja ya saruji kwa mbili za mchanga na tatu za kokoto ndogo. Mchanga usiwe wa ufukweni. Chumvi yake hufukuta ndani ya saruji mpaka ikamomonyoka, na ukiwa umetia nondo ndiyo mbaya zaidi, nondo huvimba kwa kutu na kulipasua jiwe kutoka ndani. Jiwe dogo kama hili halihitaji nondo. Lifunike kwa gunia na ulimwagie maji asubuhi na jioni siku saba nzima. Hapa ndipo mafundi wetu wanapokosea, wanalikausha juani siku moja wakidhani limeiva. Herufi zichongwe au zipigwe mhuri saruji ikiwa bado laini, kina cha milimita 5 hivi. Rangi ni nyongeza tu, itapauka, ila kilichochongwa utakisoma kwa kidole. Theluthi ya jiwe izikwe ardhini.

Shaba, chuma, bati la aluminiamu, usiweke. Wanunuzi wa vyuma chakavu wana mizani, hawana kumbukumbu.

Uandike nini? Jina alilojulikana nalo kijijini na jina la baba yake. Jeshi lake na namba yake. Alikopigana. Mwaka aliofariki. Cheo usichokuwa na hati yake usikiandike hata kama familia nzima inaapa alikuwa sajini. Jiwe likisema uongo mmoja, watu hulidharau lote. Na hapa ndipo unapowahitaji wale wapwa wa babu, maana mali ya marehemu iliwafuata wao. Waulize kama kuna kopo, mkoba au sanduku la bati. Unachotafuta ni cheti cha kuachishwa jeshi au kile kitabu kidogo cha mshahara, kwa sababu ndani yake mna namba na kikosi. Medali yenyewe inaweza isikusaidie: nishani za fedha za vita ya kwanza zilichongwa namba na jina kwenye ukingo, lakini Nyota ya Bama, ile waliyopewa waliopigana huko vita ya pili, kwa kawaida haina jina. Mtu wa Tanganyika mara nyingi alikuwa batalioni ya 6 ya KAR (King's African Rifles, ndiyo hiyo Keya) au moja ya batalioni zilizoundwa wakati wa vita. Kama alivaa alama ya begani yenye kichwa cha kifaru, basi alikuwa divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyoshuka bonde la Kabaw kwenye masika ya 1944, matope mpaka kiunoni na malaria kila hema, mpaka Desemba wakavuka mto Chindwin pale Kalewa. Hilo ni neno moja tu kwenye jiwe, "Kabaw", lakini jirani akiuliza Kabaw ni wapi utakuwa na cha kumweleza.

Kwa mjomba wa Uganda anza na ofisi ya mshauri wa mgambo wilayani, ambako wastaafu na mgambo waliokwenda vita ya Kagera hufahamika, kisha wastaafu wenzake. Wengi wao wangali hai na wanakumbuka namba zao kuliko tarehe za kuzaliwa watoto wao.

Tumfikie sasa yule wa tatu. Ni yule mdogo wa babu, ambaye hata wewe bendera yake umeiita ya tatu, na mimi naona ndiye mwenye haki kubwa kuliko wote.

Babu aliyefariki 1983 na mjomba mliyemzika miaka sita iliyopita alama zao ni juu yetu sisi, familia na nchi. Lakini askari aliyekufa akiwa kazini katika jeshi la Mwingereza kati ya tarehe 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947 ni dhamana ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Tume hiyo iliundwa 1917 kwa msingi mmoja ambao ni mzuri sana ukiusoma: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina, kwenye jiwe la kaburi au kwenye ukuta wa ukumbusho, bila kutofautisha cheo, rangi wala dini. Ndiyo maana mawe yao yote ni mamoja, ya jenerali na ya kuruta. Bendera hawachomeki.

Msingi huo haukufika huku ulivyoandikwa. Oktoba 1917, huo huo mwaka tume ilipoundwa, majeshi ya Mwingereza na ya Mjerumani yalikutana Mahiwa, jirani na Nyangao, ukitoka Lindi kwenda Masasi. Ilikuwa siku nne za mauaji, Waafrika wakiwa pande zote mbili. Nyuma yao walikuwa wapagazi wa unga na risasi. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam limetokana na jeshi lao la wapagazi, Carrier Corps. Ulipofika wakati wa kuweka mawe, Wazungu walipata mawe yenye majina. Askari na wapagazi Waafrika wengi wakapata mnara wa jumla mjini, au hawakupata chochote. Mwaka 2021 tume yenyewe ilitoa ripoti na kuomba radhi: inakadiria kuwa watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao wa Asia na Afrika, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao, na wengine wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ukipita Nyangao kwa basi, wengine wao wako chini ya mikorosho unayoitazama dirishani.

Hiyo ni vita ya kwanza. Kwa vita ya pili hali ni nafuu, na huenda babu yako mdogo ameandikwa mahali bila ninyi kujua. Tume ina orodha yake kwenye mtandao, kutafuta ni bure, na unaweza kufanya kwa simu. Tafuta jina kwa kila tahajia unayoweza kuifikiria, kwa sababu aliyeliandika alikuwa karani aliyelisikia mara moja: Abdallah, Abdala, Abudala, Saidi, Said, Seid. Jina la Kimakonde linaweza kuwa limeharibiwa mpaka ulisome kwa sauti ndipo ulitambue. Jaribu pia jina la baba peke yake. Waliokufa Bama na kaburi lao halijulikani wamo kwenye ukumbusho wa Rangoon, ulio ndani ya makaburi ya vita ya Taukkyan, wenye karibu majina 27,000. Kama hayumo huko, tazama ukumbusho wa Afrika Mashariki ulioko Nairobi. Waliokufa baharini na meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa ikazamishwa na nyambizi ya Wajapani tarehe 12 Februari 1944, wamo humo, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Na kama hayumo popote, tume hupokea maombi ya familia kuongeza jina, ila watataka karatasi. Rudi kwenye lile sanduku la bati.

Ukimpata au usimpate, usimchimbie kaburi tupu. Makaburini kwenu tuta lisilo na mtu litaleta maneno, na miaka hamsini ijayo mtu atalifukua. Badala yake, kwenye jiwe la babu, chini kabisa, ongeza mstari: "Na mdogo wake", jina, "hakurudi kutoka Bama." Waliondoka pamoja.

Kuhusu sheria nitasema machache. Bendera ya Taifa ina sheria na taratibu zake. Isiandikwe kitu, isichanike ikaendelea kupepea, isitumike kama pambo la biashara, isiguse chini. Na desturi unaijua tangu shule, hupanda saa kumi na mbili asubuhi na kushuka saa kumi na mbili jioni. Kuiacha kaburini usiku na mchana ni kuivunjia heshima hata kama nia ni njema, na kwa upepo wa kusi wa Julai kwenye uwanda wa Newala haitamaliza wiki ncha zake hazijawa nyuzi. Mkitaka kuipandisha kwa shughuli ya Siku ya Mashujaa, mwende na mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, wamjulishe mkuu wa wilaya, iwe mlingoti mmoja kwenye uwanja wa shughuli, nje ya makaburi. Na ya Mwingereza usiilete, hata kama babu alipigana chini yake. Alikufa Mtanzania.

Tena ukitazama vizuri, heshima yetu kwa mashujaa ina vyombo vyake. Kwenye gwaride la 25 Julai Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi sime, wengine upinde na mishale, shoka, shada la maua. Naliendele, hapo hapo njiani ukienda Mtwara mjini, kuna makaburi ya askari wetu waliokufa kwenye ukombozi wa Msumbiji. Nenda ukayaone kabla hujaanza kuchanganya saruji, utajifunza mengi juu ya mpangilio kuliko kwa picha za Arlington. Kwenye makaburi yenu, fyekeni nyasi, semeni dua, kama imamu anaridhia pandeni mrehani. Mtu mmoja asome majina kwa sauti, matatu yote.

Na mkiwa pale chukua vipimo vya mahali kwa simu, piga picha jiwe likionekana pamoja na makaburi ya jirani, na karatasi moja ibaki ofisi ya kijiji. Kuna sheria ya kuhamisha makaburi ya 1969. Siku barabara au mradi ukipita hapo, kaburi linalojulikana ni la nani huhamishwa kwa taratibu na wenyewe huitwa. Lisilojulikana huweza kukutwa na greda.

Bendera zako tatu usizirudishe dukani. Moja itumieni kwenye mlingoti wa siku ile, ya pili iwe akiba. Ya tatu mpelekee mwalimu mkuu wa shule ya kijijini kwenu; ile ya kwao, kama ni sawa na za shule nyingi nilizopita huku, kijani chake kimeshakuwa kijivu.